Chakula cha mkojo si cha paka wote wa nyumba

Chakula cha mkojo ni chakula cha paka kilichopunguzwa madini, hasa magnesiamu na fosforasi, kikatengenezwa ili mkojo uwe na asidi kiasi na usiwe mzito. Kazi yake ni kuyeyusha vijiwe vya kibofu au kuvizuia visirudi. Maana ni hiyo tu.

Ila kila ninaposikia likitajwa hapa Arusha, kuanzia Njiro hadi Sakina, jina hilo limegeuka kuwa sifa, kana kwamba ni chakula bora kuliko kingine. Mtu ana paka watano, dume mmoja anakojoa damu, basi sahani zote tano zinajazwa hicho hicho "na wengine wajikinge".

Wajikinge na nini? Vijiwe vya paka, kwa sehemu kubwa, ni vya aina mbili. Struvaiti ni magnesiamu, amonia na fosfeti, na ndiyo inayoyeyuka kwa chakula, mara nyingi ndani ya wiki chache. Oksalati ya kalsiamu haiyeyushwi na chakula chochote. Kijiwe chake kikishakuwa kikubwa hutolewa kwa upasuaji, na mkojo ukizidi asidi unaweza kuipa nafasi ya kujijenga. Halafu kuna paka wengi wanaokojoa damu na hawana kijiwe hata kimoja. Kibofu kimevimba bila maambukizi, na msongo una mkono wake humo: mafundi wanaogonga nyumba, paka mgeni, ugomvi wa sanduku la mchanga. Damu peke yake haikwambii ni kipi kati ya hivyo. Mkojo upimwe, picha ipigwe, ndipo daktari wa mifugo aseme chakula gani na kwa muda gani.

Maji yetu nayo husingiziwa. Floraidi ya maji ya miteremko ya Meru tunaijua kwa meno yaliyobadilika rangi, lakini haimo katika struvaiti wala katika oksalati ya kalsiamu. Shida ni kwamba paka hunywa kidogo, kwa kuwa asili yake ni paka mwitu wa nchi kame. Chakula kikavu kina maji karibu asilimia 10 tu, cha kopo hufika 75 na zaidi. Kwa hiyo hata hicho cha mkojo, kikiwa kikavu, kiloweke.

Penye paka wengi kosa huenda pande mbili. Mgonjwa akila chakula chake asubuhi, mchana akachovya ugali na dagaa wa wenzake, madini yaliyopunguzwa yanarudi na kijiwe hakiyeyuki. Wenzake nao, wakila cha kwake, si wote wanaokiweza: paka mtoto anayekua, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na paka mwenye figo dhaifu hawafai kupewa bila daktari kuruhusu. Sahani isiyoondolewa sakafuni kutwa ndiyo inayoharibu yote. Walishwe kwa saa, mgonjwa chumbani mlango umefungwa, na baada ya nusu saa sahani zote ziondolewe. Masanduku ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja, bakuli za maji ziwe sehemu kadhaa.

Dume anayechuchumaa na kukaza bila kutoa tone asisubirishwe chakula chochote. Njia imeziba, potasiamu inapanda kwenye damu, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Huyo apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesema paka wako wote "wako kwenye chakula cha mkojo", na najua unasema kwa kuwapenda: aliye kwenye matibabu ni yule mmoja aliyepimwa. Wale wanne wanamlia dawa yake.