Mtu wa IT serikalini analipwa nini hasa? Tuyanyooshe haya maneno ya mtaani

Juzi nimeletewa kadi ya mchango wa harusi hapa Sakina, mwenyekiti wa kamati kashaniandikia ahadi laki tatu yeye mwenyewe, hata hajaniuliza. Namwambia kaka mbona hivi, anacheka, "we chalii si upo TEHAMA serikalini, mifumo yote ya hela mnaishika nyie". Nikasema basi leo naandika, maana hizi stori Arusha na Moshi zimezidi na madogo wanaomaliza chuo wananiuliza maswali yaleyale kila wiki. Mimi nipo halmashauri moja ya huku kaskazini, mwaka wa saba sasa, kwahiyo naongea kitu nachokiona kwenye slipu yangu.

Dhana: IT ni ujuzi adimu kwahiyo serikali inaulipia zaidi

Hapana aisee. Serikali hailipi ujuzi, inalipa daraja. Unaingia na digrii yako kama Afisa TEHAMA Daraja la II, tangazo la ajira lenyewe linakuandikia ngazi ya mshahara ya TGS, yaani viwango vya mishahara vya serikali, na hapo ndo umefika. Hata kama we unajenga mfumo usiku kucha na mwenzio kazi yake kubwa ni kubadilisha wino wa printa na kuunganisha projekta kwenye vikao vya madiwani, mkiwa daraja moja hatua moja mshahara ni mmoja. Vyeti vyako vya Cisco na vya usalama wa mtandao vitakusaidia kwenye usaili, kwenye mshahara haviongezi hata mia. Nshaona dogo mkali kweli kweli anaondoka kwenda kampuni binafsi na hamna aliyemwambia baki tukuongeze, siyo kwamba walikuwa na roho mbaya, mkurugenzi hana hayo mamlaka, viwango vinatoka Utumishi, ile ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wote.

Ila hapa pana kitu kinawachanganya watu. Serikalini siyo sehemu moja. TGS ni ya kwetu wa halmashauri, mikoa, wizara, lakini mashirika na mamlaka nyingi zina miundo yao ya mishahara. Ndo maana unaweza kukuta watu wawili wamemaliza darasa moja, mmoja yupo halmashauri mwingine yupo shirika lenye mapato yake, wote wanaitwa watumishi wa umma, wote wamepitia Sekretarieti ya Ajira inayoajiri kwa niaba ya serikali, na mmoja anamwacha mwenzie mbali. Kwahiyo mtu akikwambia "rafiki yangu wa IT serikalini anakunja hela ndefu", muulize kwanza yupo taasisi gani.

Alafu kuna wale wa jengo la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jamani wale siyo watumishi wa serikali ya Tanzania! Ni waajiriwa wa Jumuiya, wanatoka nchi wanachama mbalimbali, mshahara wao unapangwa kwa dola. Ukipanga nao nyumba moja Njiro usidhani na mimi nipo hivyo.

Dhana: milioni ni milioni

Tuchukue mshahara wa milioni moja kamili, siyo kwamba ndo kiwango cha mtu fulani, ni kurahisisha hesabu tu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanakata asilimia 5, hiyo ni 50,000. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3, 30,000. Kodi ya mshahara, PAYE, inapigwa baada ya kutoa mchango wa mfuko, yaani kwenye 950,000, inakuja 115,500. Kama ulisoma kwa mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na wengi wetu tulisoma hivyo, hiyo bodi (HESLB) wanachukua asilimia 15, laki na nusu nzima. Jumla 345,500 imeondoka kabla hujaiona, unabaki na 654,500, na hapo sijaweka ada ya chama cha wafanyakazi wala mkopo wa benki. Na mkopo wa benki upo, tusidanganyane, nusu ya magari unayoyaona yamepaki kwenye halmashauri ni makato. Kinachotuokoa ni ule utaratibu kwamba makato yote lazima yakuachie angalau theluthi moja ya mshahara, bila hivyo kuna watu wangekuwa wanakuja kazini kusaini tu.

Dhana: wanaishi kwa posho

Hii ndo inaniuma zaidi. Mwezi wa pili kile kikao kazi cha Serikali Mtandao, cha watu wa mifumo ya serikali, kinapokuja AICC, ukumbi wa mikutano hapa Arusha, mji unajaa watu wa TEHAMA wenye vitambulisho shingoni, jioni nyama choma kwa Mromboo, basi mtaa mzima unasema hawa jamaa wanakula maisha. Posho ya safari inalipwa ukilala nje ya kituo chako cha kazi. Mgeni katoka Mtwara, analipwa, analipia lodji, anakula, anabakiza kinachobakia. Sisi wa Arusha mkutano upo mjini kwetu, tunapanda hiace tunaenda tunarudi kulala kwetu, hiyo posho hatuioni! Ni kweli mwaka 2022 viwango vilipanda, cha juu kikatoka 120,000 kikawa 250,000 kwa siku na cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000, ila cha juu ni cha wakubwa, na safari yenyewe mpaka iwe na bajeti.

Kazi za masaa ya ziada nazo hivyohivyo. Mwisho wa mwezi wa sita mwaka wa fedha unafungwa, MUSE, mfumo wa malipo ya serikali, inaelemewa, sisi na wahasibu tunakesha. Viwango vya hiyo posho vipo kwenye waraka, ila kama fungu limeisha utapewa ahsante. Rafiki yangu yupo hospitali ya serikali Moshi, GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali, ikigoma saa nane usiku wagonjwa wanashindwa kusajiliwa, anapigiwa simu anatoka Pasua na boda kwa hela yake. Daktari aliyemkuta zamu ana posho ya kuitwa kazini, yeye hana.

Dhana: si mliongezwa asilimia 35?

Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais alitangaza kima cha chini kitoke 370,000 kiwe 500,000 kuanzia Julai, hiyo ndo 35.1 yenyewe. Kima cha chini. Ukipanda ngazi asilimia inashuka. Siku ileile mama mwenye nyumba alinipigia simu ya kunipongeza, nikajua tu kinachofuata.

Na kupanda daraja siyo kila mwaka. Kila mwaka ni nyongeza ndogo ya hatua, ambayo nayo ilisimama miaka mingi mpaka ikarudishwa baada ya Mei Mosi ya Morogoro 2023. Daraja lenyewe linasubiri miaka, linasubiri bajeti, na sa hivi linaangalia pia ulivyojaza kazi zako kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. Ukizembea kujaza usije kulia.

Dhana: basi serikalini hamna kitu

Hapo sasa nakataa, maana madogo wakisikia hayo ya juu wanakimbia. Angalia ambavyo havionekani mfukoni. Mimi nachangia asilimia 5 PSSSF, mwajiri anaweka 15. Bima mwajiri anaweka 3 nyingine, na kadi inabeba mimi, mke na wategemezi wanne, mama yangu mzazi yupo humo, alilazwa mwaka jana na sikuuza hata kuku. Likizo siku 28 yenye mshahara, nauli ya likizo ya familia kila baada ya miaka miwili, kwa mtu wa Rombo anayefanya kazi Arusha ni kidogo ila aliyepangiwa Kigoma anaijua thamani yake. Ila pensheni inataka miezi 180 ya kuchangia, na kustaafu ni miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima, kwahiyo ukiacha kazi mwaka wa nne usitegemee utatoka na mzigo wa kufungulia duka la simu.

Ile kadi nimefuta laki tatu nikaandika elfu hamsini. Mwenyekiti tangu Jumapili hajanisalimia.