Kahawa ya kuloweka: yasemwayo na yalivyo

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana hapa Dodoma hupita nyuzi 30 na vumbi huingia mpaka kabatini. Ndiyo miezi ambayo friji yangu haikosi chupa ya kahawa iliyolowekwa kwa maji baridi, na kila mgeni anayeiona ana lake la kusema. Mengi wanayosema si kweli, na mengine yanaweza kumwumiza mtu tumbo.

Ninalolisikia zaidi ni kwamba hii ni kahawa ya moto iliyopoa. Sivyo. Kahawa iliyochemshwa kisha ikatiwa barafu ni kinywaji kingine, nacho kizuri. Hii ya kuloweka haionjeshwi moto tena ikishakaangwa. Hukaa ndani ya maji baridi saa 12 hadi 18, na muda ndio unaofanya kazi ya moto. Maji yanayochemka hukamua kila kitu upesi, pamoja na ule ukali tunaoufuata jioni kwenye kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata. Maji baridi huvuta polepole, na sehemu ya ukali huo hubaki kwenye machicha. Anayetaka kahawa ya kijiweni hataipata humu, aende kijiweni.

La pili ndilo linaloharibu kahawa nyingi zaidi: kwamba unga wowote unafaa. Mara ya kwanza nilitumia kahawa iliyosagwa laini kama unga wa ngano, ile ya kuchemsha. Asubuhi nilipoimimina kwenye kitambaa, matundu yakaziba. Ilidondoka tone moja moja mpaka adhuhuri, na kilichotoka kilikuwa kizito, chenye tope chini, na kilikwaruza koo. Kahawa ya kuloweka inataka chenga, punje za ukubwa wa chumvi ya mawe iliyopondwa. Huhitaji mashine, kinu na mchi vinatosha. Twanga kahawa iliyokaangwa kidogo kidogo, kama nusu kikombe kwa mara moja, kisha chekecha. Ukiisugua kati ya vidole ikakwaruza bila kuganda kwenye ngozi, iko tayari. Ile laini iliyopita kwenye chekeche usiitupe, ichemshe. Kahawa ya kopo inayoyeyuka haiingii kabisa kwenye habari hii, kwani hiyo ilikwisha kupikwa na kukaushwa kiwandani. Hakuna kilichobaki cha kuloweka.

Kipimo changu ni gramu 100 za chenga kwa mililita 800 za maji. Machicha hunywa karibu mililita 200, kwa hiyo usishangae ukipata 600 tu. Wengi hapo hukamua kitambaa kwa nguvu wakidhani wanaokoa kahawa. Wanachookoa ni vumbi na uchungu. Kining'inize, kijichuje chenyewe.

Wapo pia wanaoamini kwamba ikikaa siku tatu itakuwa kali mara tatu. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kafeini hukaribia kikomo chake baada ya saa 7 hivi kwenye joto la kawaida la chumbani. Saa zinazofuata hubadilisha ladha zaidi kuliko nguvu, na zikizidi mno huleta ladha ya mti.

Sasa maji, na hapa naomba nisikilizwe. Watu husema kahawa haiozi, basi hata maji ya bomba yasiyochemshwa yanafaa. Kahawa ya moto hutulinda kwa sababu maji yake yamechemka. Ya kuloweka haina ulinzi huo: kijidudu kilichoingia na maji, chupa au mkono hakiuawi na chochote, na jikoni mwetu mwa Novemba kina joto zuri la kuzaliana. Chemsha maji, yapoe yakiwa yamefunikwa, osha chupa ya kioo kwa maji ya moto, kisha loweka ndani ya friji, hata kama itabidi uache saa 18 badala ya 12. Umeme ukikatika usiku kucha, mwaga. Iliyochujwa mimi huimaliza ndani ya siku nne au tano. Barafu nayo itoke kwenye maji yaliyochemshwa, la sivyo kazi yote imepotea.

Kuchemsha kuna faida nyingine huku kwetu. Maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu. Tazama utando mweupe ndani ya birika. Sehemu ya ule ugumu hubaki humo birikani ukiyaacha yatulie na kumimina ya juu. Chumvi yenyewe haitoki. Kama maji yako yana ladha ya chumvi ukiyanywa matupu, na kahawa itakuwa nayo.

Kuna wanaoshauriwa kuinywa kama dawa ya vidonda vya tumbo, eti haina asidi. Watafiti wa Philadelphia walipima mwaka 2018 wakakuta pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya kahawa ya moto na ya baridi inakaribiana, kati ya 4.85 na 5.13. Jumla ya asidi ilikuwa kubwa zaidi kwenye ya moto, na huenda ndiyo sababu ya baridi huonekana laini mdomoni. Ulaini huo si tiba. Mwenye vidonda amwone daktari.

Mwisho, ulaini huohuo hufanya watu waione dhaifu na kuwamiminia watoto. Kafeini bado imo. Robusta ya Kagera ina karibu mara mbili ya ile ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga, kwa hiyo uliza umeuziwa ipi. Mimi hutia nusu glasi ya kahawa na nusu ya maji, na mjamzito akija nyumbani namtengea sharubati ya ubuyu.