Anko, gari lako halijala mtu: uongo na ukweli kuhusu "cannibalize"

Juzi anko wangu kaniletea ripoti ya Fuso yake, mthamini kaiandika Kiingereza kitupu, na katikati pameandikwa gari limekuwa "cannibalized". Anko kapanda daladala Mafiati mpaka Uyole anakariri hilo neno njia nzima asilisahau, kufika mlangoni hata salamu hakuna, "Mwalimu, huyu jamaa anasema Fuso yangu imekula mtu?"

Nilicheka, ila sio yeye tu.

Watu wengi wakiliona wanawaza mla watu moja kwa moja. Kweli mzizi ni huo huo, ulianza na jina la wenyeji wa Karibi ambalo Columbus na wenzake walilisikia 1492, Wahispania wakalitamka wanavyojua wao, mwisho likageuka kuwa mla watu. Ila kwenye mashine anayeliwa ni mashine. Matumizi hayo yalishika kasi jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, una ndege mbili mbovu na spea hazifiki, unainyofoa moja ili nyingine iruke.

Uongo wa pili ndo unaoniudhi, kwamba ni sawa tu na "disassemble" au "dismantle". Hapana jamani. Fundi akishusha giaboksi, akapanga gia zake kwenye beseni la mafuta ya taa, akabadilisha kilichokufa akarudishia, hiyo ni disassemble. Dismantle ni kufumua, mara nyingi hakuna mpango wa kurudishia, na asili yake ni Kifaransa cha zamani, kuivua ngome kuta zake kama unavyomvua mtu joho. Cannibalize inataka viwili, kinachotoa na kinachopokea, kama hakuna kinachopokea basi umefumua tu. Sasa ya anko ilianza kutoa giaboksi ikaenda kwenye Fuso yake nyingine inayobeba viazi toka Umalila, baadae stata, baadae difu, mwisho hata vioo vya pembeni, saivi imekaa juu ya mawe uani, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mafundi wetu wanaita kuchinja gari, kwahiyo tusiwacheke Waingereza, na sisi tumepitia bucha hiyo hiyo.

(Kuna na "dissemble", hilo wala halihusiani na kufungua kitu, ni kujifanya, kuficha ulichonacho moyoni. Wanafunzi wangu wananiua nalo kila mwaka.)

Halafu kuna wanaodhani neno lenyewe ni tuhuma ya wizi. Sio. Linasema kifaa kimehama, halisemi nani karuhusu. NASA wenyewe, shirika la anga za juu la Marekani, kabla ya chombo chao cha Challenger kulipuka Januari 1986, spea zilikuwa haba mpaka wakawa wanachomoa vifaa kwenye chombo kimoja wanafunga kingine, na tume iliyochunguza ajali ikaliandika hilo kama tatizo, japo kilichoua ni mpira wa kuzibia kwenye roketi ya pembeni. Na ubaya wake fundi yeyote anaujua, kazi inakuwa mara mbili, unafungua huku na unafungua kule, na kila bolti unayogusa unaweza kuikata.

Na sio mashine tu. Dada anauza chapati, anaongeza maandazi pembeni, wateja wale wale wanahamia kwenye maandazi, chapati zinalala, hapo biashara imejila yenyewe na Mwingereza anatumia kitenzi hicho hicho. Apple walifanya hivyo kwa makusudi, iPhone ya 2007 ikaila iPod yao wenyewe, kile kifaa cha kusikilizia muziki, taratibu mpaka 2022 wakaacha kuitengeneza.

Kuandika "cannibalise" kwa s au "cannibalize" kwa z zote sawa, usigombane na mtu.

Nilipomaliza anko kanyamaza kidogo, kakunja ripoti yake. "Si angeandika tu imechinjwa. Kwahiyo bei imeshuka?"

Imeshuka anko.