Makerere kwa siku moja: anza na ardhi, si na mnara

Likizo zikifika, vijana wa sekondari kutoka Jinja na Tororo, na hata ng'ambo ya mpaka wa Busia, huniomba niwatembeze Makerere. Wengi wao wanataka Jengo Kuu tu: wapige picha chini ya mnara wa saa, kisha washuke Wandegeya wakale rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Sina ugomvi na rolex. Lakini mimi ni mtu wa historia ya ardhi, na kwa maoni yangu kilima kile hakisomeki mpaka uulize ardhi yake ilipatikanaje.

Chuo kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1937 tume ya De La Warr ikapendekeza pawe na chuo cha elimu ya juu cha kuhudumia Afrika Mashariki nzima. Jengo Kuu likakamilika 1941. Chuo cha namna hiyo kilihitaji nafasi ya kupanuka, na nafasi Buganda haikuwa jambo dogo. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ulikuwa umegawa ardhi kwa maili za mraba, ndiyo maana mpaka leo tunaiita mailo, na mwenye mailo ana hati yake. Kumwondoa kulihitaji sheria.

Sheria hiyo, ya kuruhusu ardhi itwaliwe kwa ajili ya chuo, ilipita katika Lukiiko, baraza la Buganda, mwanzoni mwa Septemba 1945, chini ya Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa. Watu walikuwa na hofu, wala haikuwa hofu ya kijinga: jirani hapo Kenya walikuwa wameona wazungu wakijitwalia nyanda nzuri. Leo chuo, kesho je? Nsibirwa mwenyewe alikuwa amewahi kuushika ukatikkiro, akauacha 1941 katika mzozo wa ndoa ya Namasole, mama wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na alikuwa amerudishwa mwaka huo wa 1945 baada ya ghasia. Tarehe 5 Septemba alipigwa risasi na kuuawa nje ya kanisa kuu la Namirembe.

Kwa hiyo ukiingia chuoni, kabla ya Jengo Kuu nenda kwanza kwenye bweni la Nsibirwa. Zamani liliitwa Northcote, na wakongwe waliolala humo bado hulitaja kwa jina hilo kwa majivuno. Soma jina lililoandikwa pale, kisha tazama viwanja vinavyolizunguka. Hapo ndipo tume na mikataba inapoacha kuwa maneno ya mtihani.

Jengo Kuu lenyewe nalipitia haraka. Liliungua Septemba 2020, paa na ghorofa za juu zikateketea, likajengwa upya kwa sura ileile na kufunguliwa 2024. Ni zuri, ila unachokitazama kwa sehemu kubwa ni kazi ya juzi.

Ukibakiwa na saa moja, itumie kwenye jumba la sanaa. Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa hapo miaka ya 1930, na mmoja wa wanafunzi wake, Gregory Maloba kutoka Kenya, ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru ulioko katikati ya Kampala. Unaweza kuupitia ukirudi mjini.

Jambo jingine, hili nawaambia hasa wanaosoma fasihi. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere: Achebe, Soyinka, na Ngugi akiwa bado mwanafunzi wa hapohapo. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na rafu nzima ya vitabu vya Kiswahili, hakuwa na kiti, na mwezi huohuo akafariki Tanganyika. Waalimu wengi huutaja mkutano ule kwa sifa tupu. Mimi huuliza mlango ulifungiwa nani.

Mwisho chukua bodaboda hadi Namirembe; mapatano ya bei yafanywe kabla hujapanda. Ukisimama nje ya kanisa, kilima cha Makerere kiko upande wa kaskazini, karibu kuliko mtu anavyodhani akisoma kitabuni. Anayerudi Jinja ashuke paki ya teksi mapema, maana foleni ya Mukono jioni haimjali mwanafunzi wala waziri.