Mkono Mmoja, Timu Mbili: Mtoto Mrushaji wa Besiboli na Uchaguzi wa Ligi

Kila mwaka theluji inapoyeyuka na viwanja kufunguliwa, kliniki yetu ya fiziotherapia ya watoto hapa Ohio hupokea mgonjwa wa aina ileile: mvulana wa miaka 11 au 12, mzima, anayekula na kulala vizuri, ila kiwiko cha mkono anaorushia mpira hakinyooki mpaka mwisho. Nikikibonyeza kwa kidole kile kifundo cha mfupa kilicho upande wa ndani wa kiwiko, hushtuka na kuuvuta mkono. Mzazi aliyekaa pembeni, ambaye mara nyingi ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku ghalani au kiwandani, huniambia kwamba hakumwona mtoto akianguka wala kugongwa na mtu, na husema kweli. Mtoto amerusha mpira mara nyingi kuliko mfupa wake unaokua unavyoweza kustahimili.

Siku hizi miongoni mwa wagonjwa hao wamo watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili, waliozaliwa huku au waliofika wakiwa wadogo kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Wazazi wao wanaufahamu mpira wa miguu, na mtoto akiumia goti wanajua pa kuanzia kuuliza, lakini besiboli wengi wao wameikuta huku huku. (Majirani zetu wa Uganda wametutangulia: mwaka 2012 timu ya watoto wa Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania.) Basi kocha anapoleta mwaliko wa timu teule, swali linaloletwa kliniki huwa hili: "Dokta, nimwache kwenye ligi ya mtaa, au nimpeleke kwa wale walio bora?" Nami huuliza kwanza ni nani anayehesabu mipira ambayo mtoto huyo anairusha.

Ligi ya mtaa ni ile inayopokea kila mtoto aliyejiandikisha. Makocha wake ni wazazi wanaojitolea, msimu huanza majira ya kuchipua na kumalizika mapema kiangazi, ada ni nafuu, na kanuni hutaka kila mtoto aliyefika uwanjani apate sehemu yake ya mchezo. Little League, iliyoanzishwa Williamsport mwaka 1939, ndiyo inayojulikana zaidi. Timu teule huchuja wachezaji kwa majaribio, huajiri makocha wa kulipwa, husafiri mwishoni mwa juma kwenda kwenye mashindano ya miji mingine, na nyingi hazikomi kiangazi: kuna michezo ya vuli, na baridi ikiingia mazoezi huhamia ndani ya maghala yaliyowekwa nyavu. Mzazi hulipa ada, sare, hoteli, petroli, na mara nyingi hata kiingilio cha kumtazama mwanawe mwenyewe. Ubora wa mafunzo sitaupinga, kwa sababu nimewaona makocha wa timu hizo wakirekebisha mwendo wa mguu wa mtoto kwa siku moja, jambo ambalo kocha wa kujitolea hakuligundua msimu mzima.

Mrushaji si mchezaji kama wengine. Anasimama juu ya kituta katikati ya uwanja, umbali wa mita 14 hivi kutoka kwa mpigaji katika ligi za watoto, na kila hatua ya mchezo huanzia mkononi mwake. Sisi tuliokua tukipopoa maembe tunakumbuka bega lilivyokuwa likiuma asubuhi yake, lakini tulipopoa mara kumi au ishirini, kwa mawe ya kila umbo na kutoka kila upande wa mti, kisha tukaenda kula. Mrushaji hurudia mwendo uleule, kwa nguvu zake zote, kwa kipimo kilekile. Nguvu hiyo huanzia mguuni, hupanda kiunoni na kifuani, halafu humalizikia mkononi kama ncha ya mjeledi. Katika nukta ile ambayo mkono umelala nyuma kabisa na mwili umeshatangulia mbele, upande wa ndani wa kiwiko huvutwa kwa nguvu kubwa sana. Kwa mtu mzima, kinachoupokea mvuto huo ni ligamenti, ukanda mgumu unaofunga mfupa na mfupa. Kwa mtoto, palipo dhaifu zaidi ni gegedu la ukuaji, tabaka laini ambalo mfupa unaendelea kukua kwalo. Gegedu hilo halikatiki kwa kishindo. Huchubuka kidogo kidogo, na likikosa muda wa kujijenga huanza kuachana na mfupa. Hali hiyo madaktari waliipa jina la kiwiko cha Little League tangu mwaka 1960, na ndugu yake hutokea begani.

Kwa sababu hiyo besiboli ya Marekani imejiwekea hesabu. Little League iliacha kupima kazi ya mrushaji kwa awamu za mchezo (awamu moja ni zamu ya kila timu kupiga) na kuanza kuhesabu kila mpira mwaka 2007, na mwaka 2014 ligi kuu ya nchi hiyo pamoja na chama cha USA Baseball walitoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtoto wa miaka 9 au 10 asizidishe mipira 75 kwa siku, wa miaka 11 au 12 asizidishe 85, na wa miaka 13 au 14 asizidishe 95. Kisha hufuata mapumziko, sehemu ambayo wazazi wengi hawaambiwi: kwa mtoto wa miaka 14 au chini, mipira 21 hadi 35 hudai siku moja kamili ya kupumzika, 36 hadi 50 siku mbili, 51 hadi 65 siku tatu, na kuanzia 66 siku nne. Yapo mashindano ambayo hadi leo huhesabu awamu badala ya mipira, na hiyo ni hesabu isiyoaminika, kwani awamu moja inaweza kumalizika kwa mipira minane, na nyingine ikamla mtoto mipira 40.

Sasa tazama mwisho wa juma mmoja, ambao nimeupanga kutokana na visa vingi nilivyosikiliza. Mtoto wa miaka 12 anacheza timu mbili. Jumamosi asubuhi, katika ligi ya mtaa, anarusha mipira 48 na kocha anamtoa vizuri kabisa, akiwa chini sana ya kikomo cha 85. Jumapili yuko kwenye mashindano na timu teule: mchezo wa kwanza anarusha mipira 61, anapumzika saa mbili na soda, mchezo wa pili anaitwa kuokoa jahazi na kurusha 22. Jumla ya Jumapili ni 83. Kocha wa pili naye anaangalia karatasi yake na kuona hajavunja kanuni. Lakini ile mipira 48 ya Jumamosi ilidai siku mbili bila kurusha, kwa hiyo Jumapili ilipaswa kuwa sifuri, na mtoto amerusha mipira 131 ndani ya siku mbili, bila kuhesabu ile ya kupasha misuli moto. Makocha wote wawili ni waungwana, kila mmoja ameshika nusu ya daftari, na mkono ni mmoja. Mwongozo huo husema wazi kwamba mtoto asiwe mrushaji wa timu zaidi ya moja katika kipindi kimoja, na katika mambo yote yaliyomo, hili ndilo ninaloona likipuuzwa zaidi.

Mzazi anayefikiria timu teule ninamwomba afanye hesabu nyingine kabla ya kulipa ada. Timu inayofika mbali katika mashindano ya mwisho wa juma inaweza kucheza michezo mitano, na kila mchezo una awamu sita, yaani awamu 30. Tukikadiria mipira 15 kwa awamu, ambayo kwa watoto ni makadirio ya huruma, timu inahitaji mipira 450. Ukiigawa kwa 85 unapata zaidi ya warushaji watano waliofikishwa ukingoni kabisa. Timu inayojali inahitaji saba au wanane. Basi muulize kocha ana warushaji wangapi. Akikujibu kwamba anao watatu hodari, hiyo mipira mingine unajua itatoka mkono gani. Muulize pia kama mrushaji hupangwa kuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, siku hiyohiyo, kwa sababu mdakaji naye humrudishia mrushaji karibu kila mpira, na ni miezi gani timu hufunga kabisa. Mwongozo unataka mtoto wa miaka 9 hadi 12 akae angalau miezi minne kwa mwaka bila kurusha, miwili au mitatu kati yake ikifuatana. Baridi ya Ohio ingetusaidia hapa, kama si yale maghala.

Ushahidi juu ya uchovu ni mzito. Watafiti wa American Sports Medicine Institute ya Birmingham, Alabama, waliwalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na warushaji wenzao wasioumia, na matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliozoea kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 wa kuwa katika kundi la waliopasuliwa. Waliocheza zaidi ya miezi minane kwa mwaka, mara tano. Wazazi huogopa zaidi mpira wa kupinda, ule unaozungushwa ili ubadili njia hewani, na mimi pia ningependa mtoto ajifunze kwanza mpira wa moja kwa moja na ule wa polepole unaomhadaa mpigaji, lakini ushahidi juu ya mpira wa kupinda ni dhaifu ukilinganisha na huu.

Upasuaji wenyewe una jina la mchezaji, Tommy John, ambaye mwaka 1974 daktari Frank Jobe wa Los Angeles alimjengea upya ligamenti ya kiwiko kwa kano iliyochukuliwa mkono wake wa pili. Kurudi uwanjani huchukua mwaka mmoja au zaidi. Ulikuwa upasuaji wa watu wazima wanaolipwa, lakini kumbukumbu za bima za miaka 2007 hadi 2011 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofanyiwa walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Dhana inayozunguka kwamba upasuaji huo humwongezea mtu kasi haina msingi. Anayerudi na kasi mpya ameipata kwa mazoezi ya mwaka mzima ya miguu na mgongo, ambayo angeweza kuyafanya bila kisu.

Kuhusu udhamini wa masomo, ambao najua ndio unaowafanya wazazi wengine wakubali gharama zote hizo, nitasema kwa ufupi. Hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2025, timu ya chuo ya daraja la kwanza iliruhusiwa udhamini kamili 11.7 kwa kikosi kizima, na makocha waliugawa vipande vipande. Mtoto wa miaka 10 hatazamwi na kocha yeyote wa chuo.

Maoni yangu, kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, ni abaki ligi ya mtaa, na kama familia ina akiba, aongezewe mafunzo machache ya mwendo wa kurusha kwa mwalimu anayeaminika, kisha acheze mpira wa miguu au wa kikapu miezi mingine. Akifika miaka 13 au 14, akataka mwenyewe, na kocha akayajibu yale maswali bila kukereka, timu teule inaweza kumfaa, lakini iwe timu moja. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba kujifunga kwenye mchezo mmoja kusubiri hadi miaka 15 au 16. Yupo pia mtoto wa miaka 11 aliye mbele ya wenzake kiasi kwamba ligi ya mtaa inamchosha roho. Huyo simkatalii, ila wazazi wake wakubali kuwa makarani wa hesabu ya mipira yake.

Lipo jambo letu wenyewe ambalo sina budi kulitaja. Tumelelewa kuambiwa "jikaze", na tunawaambia wanetu vivyo hivyo. Mtoto aliyeambiwa hivyo hatasema kiwiko kinauma, hasa akijua baba ameacha zamu ya Jumamosi ili aje kumtazama. Usingoje aseme. Angalia kama mipira inaanza kwenda juu ovyo, kama kiwiko kinashuka chini ya usawa wa bega, kama anautikisa mkono kati ya mpira na mpira, kama akipiga mswaki anainamisha kichwa kuufuata mkono. Ukiona hayo, atoke siku hiyohiyo. Usimpe dawa ya maumivu ili amalizie mchezo, wala usimchue kwa mafuta ya moto, kwani gegedu lililochubuka halihitaji kusuguliwa. Wengi wanaowahi hupona kwa kuacha kurusha wiki sita hivi, kisha kurudi hatua kwa hatua, kwanza umbali mfupi, kituta mwisho kabisa.

Mzazi asiyeweza kufika uwanjani anaweza kumpa kazi hiyo dada mkubwa au bibi, kwa daftari la shilingi chache na kalamu: tarehe, timu, idadi ya mipira, na kama aliwekwa kuwa mdakaji. Mkija kliniki, njooni nalo. Ndilo ninaloanza nalo, kwa sababu picha ya eksirei katika hatua za mwanzo huweza kuonekana safi kabisa.