Je, wajua kwa nini chipukizi wa mieleka ya wanawake Japani hupangiwa wakongwe?

Aliyezoea kutazama mieleka ya Marekani kwenye runinga anajua mgeni wa ulingo hutumikaje. Anaingia bila wimbo, ananyanyuliwa, anabwagwa, dakika mbili kwisha habari yake, na wiki ijayo hata jina lake hulikumbuki. Japani, hasa upande wa wanawake, mambo ni tofauti kabisa. Binti mwenye miezi sita tu kazini hupewa mwenzake, kisha hupangiwa mabingwa wawili ambao pengine walianza kupigana kabla yeye hajazaliwa. Atapigwa, hilo kila mtu ukumbini analijua. Lakini watu watakaa dakika 15 nzima wakimwita jina, na akitolewa nje akichechemea, makofi yake huweza kuwazidi hata walioshinda.

Kwa nini?

Kwanza tuliondoe hili njiani: matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa, Japani kama kwingineko. Ila kinachopangwa ni nani ashinde. Kiwiko kinachotua shingoni ni kiwiko, na kifua kilichopigwa makofi ishirini hubaki chekundu mpaka kesho yake. Tena katika All Japan Women, kampuni iliyotawala mchezo huu kwa miongo mitatu na ambayo mashabiki huiita Zenjo, mechi za chipukizi zilikuwa na kipengele ambacho hakikupangwa. Walikiita osaekomi. Mwishoni mmoja humlalia mwenzake na kumgandamiza mabega, na aliye chini hujikwamua kwa nguvu zake mwenyewe au ahesabiwe tatu. Wasichana waliolala bweni moja na kula sufuria moja walishindana hivyo kweli, na aliyepoteza alijua amepoteza.

Zenjo ilianzishwa mwaka 1968 na ndugu wa familia ya Matsunaga, na sheria zake kwa mabinti zilikuwa kali kuliko za shule ya bweni: hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna wanaume. Juu yake kulikuwa na desturi moja ambayo ndiyo ufunguo wa habari yetu. Ukifika miaka 25 unaonyeshwa mlango. Kwa hiyo msichana aliyeingia na miaka 15 au 16 alikuwa na kama miaka tisa tu ya kuanza, kupanda, kung'ara na kuaga. Mwenye miaka 23 alikuwa bibi wa ulingo. Kampuni haikuwa na muda wa kumlea mtu polepole, ilibidi chipukizi asukumwe mapema mbele ya waliomtangulia, na njia rahisi ya kumsukuma asizame ni kumpa mwenzake wa kushikana naye mkono.

Jackie Sato na Maki Ueda, walioitwa Beauty Pair, waliingia mwaka 1975, na mwaka uliofuata tayari walikuwa mabingwa wa jozi, yaani wa mechi za wawili kwa wawili. Waliimba pia, na santuri yao ikauzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Waliojaa kumbini walikuwa wanafunzi wa kike, waliojiona wenyewe pale juu. Mwaka 1979 kampuni ikawapambanisha wao kwa wao katika ukumbi wa Budokan jijini Tokyo, anayeshindwa astaafu. Ueda akashindwa, akaenda zake. Hakuwa amefika hata hiyo miaka 25.

Waliowafuata ndio wakawasha moto wenyewe. Chigusa Nagayo na Lioness Asuka walikuwa wa darasa la mwaka 1980, wote wawili wakiwa njia panda, kila mmoja akiwa na wasiwasi kama ana nafasi humo ndani. Januari 1983 walipangwa kupigana wao kwa wao, wakakubaliana waache madoido, wapigane kwa mateke na makofi yasiyo na huruma. Ukumbi ukalipuka. Mwaka huohuo wakaunganishwa wakawa Crush Gals, na tarehe 25 Agosti 1984 wakawavua Dynamite Girls mkanda wa jozi wa WWWA, ubingwa wa Zenjo yenyewe. Lakini ukiuliza watu wa Japani wanamkumbuka Nagayo kwa lipi, wengi hawatakutajia mkanda. Watakutajia tarehe 28 Agosti 1985, Osaka, alipopigana na Dump Matsumoto, hasimu wake mkubwa, kwa masharti kwamba anayeshindwa ananyolewa. Akashindwa, akanyolewa kipara hapohapo ulingoni, na maelfu ya wasichana wakalia kama wamefiwa. Umaarufu wake haukupungua hata tone.

Sasa turudi kwenye mechi ya jozi, maana siri kubwa imo humo.

Katika mechi ya mtu mmoja kwa mmoja, mkongwe akimkamata chipukizi, hadithi imekwisha. Kwenye jozi kuna mtu wa tatu na wa nne. Mwamuzi akihesabu moja, mbili, yule mwenzake anaruka kutoka kona yake na kuuvunja mgandamizo. Wajapani huita katto. Maana yake chipukizi anaweza kushindwa mara tatu au nne katika mechi moja na bado awe hai. Kila akiokolewa, ukumbi unapumua, na mkongwe anaanza kukunja uso. Halafu kuna saa. Mechi nyingi hizi zina kikomo, dakika 20 au 30, na kikomo kikifika hakuna mshindi. Kwa wakongwe kutoka sare na watoto ni aibu, kwa watoto ni sherehe. Enzi za Zenjo mechi za mkanda wa jozi zilikuwa za raundi tatu, wa kwanza kushinda mbili ndiye bingwa, kwa hiyo chipukizi waliweza kuchukua raundi moja, wakaenda nyumbani bila mkanda lakini na kitu cha kusimulia.

Kitu kingine ni silaha. Chipukizi haruhusiwi kutumia kila anachokijua. Mwanzoni huvaa nguo ya kuogelea ya rangi moja, isiyo na nakshi, na hupewa mbinu chache: kiwiko, kumbeba mtu na kumbwaga, teke la kuruka kwa miguu miwili. Hana la ajabu la kuonyesha, kwa hiyo anaonyesha lile moja alilo nalo, tena na tena. Anaruka anapiga teke, mkongwe hatikisiki. Anaruka tena. La tano, mkongwe anarudi nyuma hatua moja, moja tu, na ukumbi mzima unapiga kelele kama goli limeingia. Mimi nadhani hapa ndipo Wajapani walipowaacha wengine mbali. Wamemfundisha mtazamaji kuhesabu vitu vidogo.

Na kuna ule mkunjo. Mkongwe anamlaza binti kifudifudi, anamkalia mgongoni, anaivuta miguu yake miwili nyuma mpaka mwili unapinda kama upinde. Wajapani mkunjo huu wameupa jina la ebi, yaani kamba, yule wa baharini anayeuzwa feri, kwa jinsi mwili unavyokunjwa. Sisi tunaosema Kiswahili tunaweza kucheka kidogo, kwa sababu dawa pekee ya kamba huyo ni kamba nyingine: ukifanikiwa kuigusa kamba ya ulingo, mwamuzi anamwamuru aliyekukalia akuachie. Basi utamwona binti akijiburuta kwa viwiko, nywele zimemganda usoni, vidole vimebakiza upana wa kiganja kuifikia kamba, na mkongwe anamrudisha katikati kama mtu anayeburuta gunia. Kule konani mwenzake amenyoosha mkono mpaka karibu aanguke, na wa pili upande wa wakongwe keshakwenda kumzuia asiingie kuokoa. Mechi nyingi za chipukizi huishia hapo. Kinachokumbukwa ni alikaa muda gani kabla ya kukubali yaishe.

Wajapani wana neno la mambo haya, gekokujo, la tangu zama zao za vita vya mabwana, maana yake wa chini kumpindua wa juu. Halihusu watu tu, huhusu kampuni pia. Mwaka 1992 kampuni changa ya JWP ilikubali kupigana na Zenjo. Tarehe 26 Novemba, mjini Kawasaki, Dynamite Kansai na Mayumi Ozaki wa JWP waliwakabili Manami Toyota na Toshiyo Yamada wa Zenjo kwa raundi tatu, wakapoteza. Wapenzi wengi wa mchezo huu huitaja mechi hiyo miongoni mwa bora kuwahi kupigwa Japani. Kushindwa kule hakukuwafunga mlango, kuliwafungulia. Tarehe 11 Aprili 1993 walirudiana Osaka na mara hii wale wadogo wakaondoka na mkanda wa wakubwa. Wakakaa nao karibu miezi minane, mpaka Desemba mwaka huo Toyota na Yamada walipourudisha nyumbani. Ushindi wa Aprili usingenoga hivyo bila kipigo cha Novemba.

Ile desturi ya miaka 25 ilikuja kulegea, na Zenjo yenyewe ikafunga mwaka 2005. Kulegea kule kulibadili hesabu yote. Zamani pengo kati ya mgeni na mkongwe lilikuwa miaka sita, saba. Siku hizi linaweza kuwa miaka 30 na zaidi. Jaguar Yokota, aliyeanza mwaka 1977, aliendelea kupanda ulingoni hata baada ya kutimiza miaka 60, akipigana na wasichana ambao angeweza kuwa bibi yao. Meiko Satomura alianza Aprili 1995 akiwa na miaka 15, kwenye onyesho la kwanza la kampuni ya GAEA aliyoianzisha Nagayo, yuleyule aliyenyolewa Osaka. Satomura alistaafu Aprili 2025, miaka 30 kamili, na mechi yake ya kuaga ilikuwa ya jozi: yeye na mkongwe mwenzake Aja Kong upande mmoja, na upande wa pili Chihiro Hashimoto na Manami (si yule Toyota), watu wa kampuni yake mwenyewe ya Sendai Girls.

Mbinu nyingine ni kumfunga chipukizi na mkongwe kamba moja, wawe jozi. Kampuni ya Stardom, iliyofanya onyesho lake la kwanza Januari 2011, iliifanya hivyo kwa Kairi Hojo, ambaye wengi sasa wanamjua kutoka WWE, ile kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, kama Kairi Sane. Alikuwa mwendesha mashua za tanga chuoni, akaanza mieleka mwaka 2012. Mwaka 2014 alitwaa mkanda wa jozi akiwa na Nanae Takahashi, aliyeanza tangu 1996. Unapowatazama wawili kama hao huangalii wapinzani sana, unamwangalia mkubwa: atampa mdogo mkono aingie lini, na akizidiwa, atamwokoa au atamwacha ajifunze?

Mayu Iwatani naye alianza kwenye onyesho lilelile la kwanza la Stardom, akapoteza, na kwa muda mrefu alijulikana kuwa dhaifu kuliko wote. Baadaye alikuja kushika mikanda ya jozi pamoja na Io Shirai, ambaye leo ni IYO SKY wa WWE, na mwaka 2023 akawa bingwa wa wanawake wa IWGP, mkanda wa kampuni ya New Japan. Waliokuwa wakimwita jina alipokuwa akipigwa wana haki ya kusema tulikuwepo.

Ukibahatika kuingia ukumbi wa Korakuen pale Tokyo, usiondoe macho mechi ya kwanza ikiisha. Kabla ya mechi kubwa mashabiki hurusha utepe wa karatasi za rangi ulingoni, na lazima mtu auzoe haraka kabla kengele haijalia. Angalia anayekusanya kwa mikono miwili na kuusukumia chini ya ulingo. Amevaa tracksuti, nywele bado mbichi kwa jasho, na mgongo anautembeza kwa tahadhari. Ni yule binti wa mkunjo wa kamba, nusu saa iliyopita.