Kosa la mavazi: chanzo cha uhasama kati ya polisi na watu wa transjenda

Kosa la mavazi ni kosa ambalo mtu hukamatwa na kushtakiwa kwa sababu amevaa nguo zinazohesabiwa kuwa za jinsia nyingine. Halina mlalamikaji. Hakuna aliyeibiwa wala aliyepigwa. Anayeona ni askari, anayeamua ni askari, na shahidi mahakamani ni askari huyohuyo. Watu wa transjenda, yaani wale ambao jinsia wanayoishi nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, wamewaogopa polisi kwa vizazi, na hofu hiyo haieleweki bila kulijua kosa hili.

Mji wa Columbus, Ohio, uliliweka katika sheria zake mwaka 1848. San Francisco ukafuata mwaka 1863, na makumi ya miji mingine ya Marekani ikafanya vivyo hivyo. Sheria zilikataza kutoka hadharani na vazi lisilo la jinsia yako. Vazi lipi hasa? Suruali? Hereni? Viatu? Aliyejaza pengo hilo ni askari wa zamu. Nchini India, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikwenda mbali zaidi: sheria ya mwaka 1871 iliagiza mahijra, yaani watu waliozaliwa wakihesabiwa wanaume lakini wanaishi kama jinsia ya tatu na kuvaa kike, waandikishwe kwenye daftari, na aliyeandikwa akionekana hadharani amevaa kike, au akicheza ngoma mbele za watu, aliweza kukamatwa bila hati na kufungwa hadi miaka 2. Kwa mahijra, ngoma ilikuwa riziki.

Berlin palikuwa na njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Magnus Hirschfeld aliwashawishi polisi watoe vibali, ili mwenye kibali asikamatwe kwa nguo alizovaa. Vilisaidia watu kweli, na sitaki kukidharau kitu kilichomwezesha mtu kwenda sokoni bila kutetemeka. Lakini kibali ni hisani, na hisani hunyang'anywa. Mei 1933 taasisi ya Hirschfeld ya utafiti wa masuala ya jinsia ilivamiwa na wafuasi wa Nazi, vitabu vyake vikachomwa moto.

Mtu anayeweza kukamatwa wakati wowote hana pa kulalamika. Akiporwa au akibakwa, kituo anachotakiwa kwenda kuripoti ndicho alikolazwa rumande wiki iliyopita. Mhalifu naye analijua hilo. Naona hapa ndipo kosa la mavazi lilipoumiza zaidi, kuliko hata faini na vifungo vyake: liliwaondoa watu kabisa kwenye ulinzi wa sheria.

Uvumilivu una mwisho. Agosti 1966, katika mtaa wa Tenderloin, San Francisco, askari aliitwa kwenye mkahawa wa Compton's uliokuwa wazi usiku kucha. Alipomshika mteja mmoja wa transjenda, mteja huyo alimmwagia kahawa usoni. Vikombe vikaruka, vioo vikavunjwa. Hiyo ilikuwa karibu miaka 3 kabla ya msako wa baa ya Stonewall, New York, uliozua ghasia ambazo dunia inazikumbuka zaidi. Mji huohuo wa San Francisco, lakini, ulikuwa na sajini Elliott Blackstone, aliyepewa kazi mwaka 1962 ya kuwa kiungo kati ya polisi na jamii ya wapenzi wa jinsia moja, na ambaye baada ya vurugu zile aliwasaidia watu wa transjenda kwa moyo. Ni haki atajwe.

Mahakama zilianza kuziangusha sheria hizi katika miaka ya 1970: ya Columbus mwaka 1975, ya Chicago mwaka 1978. Hapo polisi wakabaki na kosa la uzururaji. Sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1976 iliruhusu kumkamata mtu aliyedhaniwa kuzurura kwa ajili ya ukahaba, na sketi fupi au namna ya kusimama vikaandikwa kama ushahidi. Wanawake wa transjenda waliipa jina: kukamatwa kwa kutembea tu. Ilifutwa Februari 2021.

Kesi inayoonyesha dhana hii kwa uwazi kuliko zote imetoka Guyana. Februari 2009 polisi waliwakamata watu kadhaa kwa sheria ya mwaka 1893 iliyomkataza mwanamume kuvaa kike hadharani kwa "nia isiyofaa". Walikesha mahabusu, wakatozwa faini, na hakimu akawaambia waende kanisani. Hawakunyamaza. Walipanda mahakama moja hadi nyingine kwa zaidi ya miaka 9, na kila mahali walibeba swali lilelile: nia isiyofaa ni ipi, na askari anaionaje kwenye gauni? Novemba 2018 Mahakama ya Haki ya Karibea, ambayo ndiyo mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Guyana, ilikubali kwamba sheria haikuwa na jibu, ikaifuta. Ikamkemea na hakimu pia.